Mlango wa Kuzuia Mbuzi

Njia ya kwenda ngomeni inaanzia nyuma ya nyumba za Petit Andely, kimji cha ukingoni mwa mto Seine, Normandia, kaskazini-magharibi ya Paris. Si ndefu, ila inapanda kwa ukaidi, na mawe yake ya chokaa yakilowa umande huteleza kama sabuni. Mpwa wangu, anayesomea uhasibu Rouen, alitangulia na mfuko wa mandazi aliyoyakaanga alfajiri. Kila niliposimama kupumua naye alisimama, akajifanya anautazama mto, nisije nikaona kwamba ananisubiri. Hayo ni malezi ya dada yangu, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Upepo ulitupokea kabla ya ngome. Halafu ikaja ngome yenyewe: mnara mkuu uliokatika kichwa, umebaki kama jino la mwisho kinywani mwa mzee, vipande vya ukuta vilivyosimama peke yake, kila kimoja na dirisha lisilo na chumba, na mita 90 hivi chini yetu, Seine ikijipinda taratibu kuzunguka kisiwa. Ukisimama pale huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini mahali hapa palitakiwa. Chombo chochote kinachoteremka kutoka Paris kwenda Rouen na baharini hakina budi kupita chini ya macho yako.

Wanaiita Château Gaillard. Neno gaillard kwa Kifaransa ni la mtu mkakamavu, mwenye afya, mwenye kicheko kikubwa na jeuri kidogo. Kwetu tungemwita mbabe. Ngome ya Mbabe, basi, na aliyeijenga alistahili jina hilo kuliko mawe yake: Richard, mfalme wa Uingereza na mtawala wa Normandia, yule waliyempa lakabu ya Moyo wa Simba. Mkataba aliofunga na Philippe Auguste, mfalme wa Ufaransa, mwaka 1196 ulisema wazi kwamba Andely pasijengwe ngome. Akajenga. Ardhi haikuwa yake, ilikuwa ya askofu mkuu wa Rouen. Askofu alipokasirika alifunga makanisa ya Normandia, ibada zikasimama, na waandishi wa wakati ule wanasimulia maiti zilizokaa bila kuzikwa. Richard aliendelea kujenga. Mwaka uliofuata walipatana, askofu akafidiwa kwa bandari ya Dieppe na mashamba mengine, na sidhani kama kuna mtu aliyewaomba radhi wenye maiti.

Miaka miwili tu, 1196 hadi 1198, kazi ikaisha. Gharama yake inakadiriwa kuwa pauni 12,000 za wakati ule, ilhali ngome zote za Uingereza katika utawala wake mzima zilimgharimu 7,000 hivi. Inasimuliwa kwamba Philippe alitamba kuwa ataiteka hata kuta zake zingekuwa za chuma, na Richard akajibu kuwa ataishikilia hata zingekuwa za siagi. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia sana vibarazani, na mara nyingi anayeyalipia si aliyeyasema.

Kama kazi ya fundi, lakini, ngome hii lazima uivulie kofia. Kuna nyua tatu, moja nyuma ya nyingine, na kati yake mahandaki yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Adui akiuteka ua wa kwanza bado hajafika popote. Ukuta wa ua wa ndani haukunyooka. Umetoka matumbo matumbo, nusu duara ikishikana na nusu duara nyingine, kama pindo la kitambaa cha meza kilichofumwa kwa kiroshia, ili jiwe linalorushwa likose pa kugonga sawasawa. Niliupapasa. Unga mweupe ulinibaki kiganjani, na ndani ya ule weupe vidole vikakutana na jiwe la gumegume, jeusi, lenye makali ya wembe.

Richard hakuifaidi. Aprili 1199 alikufa kwa jeraha la mshale alipokuwa amekizingira kingome kidogo cha Châlus, kusini huko, kisichofika hata robo ya hiki chake. Mali ikamwangukia nduguye John.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipandisha mlima huu.

Mwaka 1203, majira ya joto yakiisha, Philippe alikuja na jeshi. Kwanza John alijaribu kuiokoa ngome yake kwa ujanja ulioonekana mzuri mezani: askari waje kwa nchi kavu, mashua zije kwa mto, wote wafike usiku mmoja na kupiga pamoja. Askari wakafika. Mashua zilikuwa bado zinahangaika na mkondo. Wa nchi kavu walipigwa peke yao, na mashua zilipotokea asubuhi zikapigwa peke yake. (Mvuvi yeyote wa Tanga, hata mtoto, angeuliza kwanza maji yanakwendaje.) Baada ya hapo Petit Andely ikawa haina mlinzi, na watu wake wakakimbia kwa njia hii hii niliyokuwa nahema juu yake, na watoto wao, na wazee wao, na kuku wao, wakaomba kuingia.

Wakafunguliwa. Wanahistoria hutaja idadi yao kati ya 1,400 na 2,200. Ngome ilikuwa na askari wachache, chini ya kamanda aitwaye Roger de Lacy, mtu aliyejua kazi yake. Philippe naye hakuwa na haraka. Akachimba mahandaki mawili kuizunguka ngome yote, akasimamisha minara ya mbao, akakaa kusubiri.

De Lacy akapiga hesabu ya ghala. Na watu wote wale, chakula hakifiki mbali. Bila wao, askari wake wangeweza kushikilia mwaka au zaidi. Akawatoa. Kundi la kwanza, mamia, wazee na dhaifu, lilipita kwenye mistari ya Wafaransa bila kuguswa. Askari wa kawaida waliwaonea huruma. Kundi la pili pia. Kisha habari zikamfikia Philippe, naye akapiga hesabu yake: kila mtu anayebaki ndani ni kinywa kinacholila ghala la adui yangu. Akaamuru asipite hata mmoja. Kundi la tatu lilipofika kwenye mistari lilikutana na mishale. Likageuka, likarudi mbio langoni. Lango lilikuwa limefungwa, na kutoka juu ya ukuta, kutoka kwa watu waliokuwa wamelala nao ua mmoja jana yake, mishale ikaja tena.

Wakabaki katikati, kwenye miteremko na mahandaki, majira ya baridi yakiingia. Tunayajua haya kwa sababu kasisi wa mfalme Philippe, Guillaume le Breton, alikuwako na akaandika. Walikula majani. Walikula mbwa, ambao De Lacy naye aliwafukuza ngomeni kwa sababu ile ile ya ghala. Guillaume anaandika mengine ambayo siwezi kuyaandika katika makala ambayo huenda mtu anaisoma akiwa na mtoto pembeni. Miezi ikapita hivyo. Mwishowe Philippe mwenyewe alipita karibu, akavisikia vilio, akaamuru wapewe chakula na waachiwe waende zao. Kasisi anasimulia juu ya mtu mmoja aliyekuwa bado ameshika paja la mbwa mkononi. Wakamwambia alitupe. Akakataa: hatalitupa mpaka aone mkate. Na wengi wa waliopewa mkate siku ile walikufa kwa sababu ya huo mkate, maana tumbo lililokaa tupu muda mrefu halipokei shibe ya ghafla.

Mwishoni mwa karne ya 19 mchoraji Francis Tattegrain aliwachora, wamejikunyata chini ya kuta kwenye theluji. Picha ameiita kwa jina ambalo vita vya Ulaya viliwapa watu wa namna hii: vinywa visivyo na faida.

Nimelikalia jina hilo siku nyingi.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilikuwa nakaa kwa bibi yangu Tanga. Wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, duka la kaya, unga wa njano uliotoka ng'ambo ambao ukiupika ugali unanuka ghala. Nyumba ile ilikuwa ya watu saba. Kisha wakateremka jamaa kutoka shamba, tukawa kumi na mmoja. Bibi alikuwa na kibaba cha bati, amekipata kwa marehemu mama yake, na kwa hicho alipima kila kitu. Msidhani alikuwa mtu wa kumwaga. Nimemwona akihesabu dagaa. Siku jamaa walipofika, alikitazama kibaba, akaitazama sufuria, akaongeza maji kwenye mchuzi, na hakuna aliyesikia neno lolote kuhusu jambo hilo.

Pale mtaani palikuwa na mzee mmoja fundi magodoro. Kazi ilikuwa imekufa, maana nani ana sufi ya kushonea. Mzee huyu alikuwa na kipaji cha kupita mlangoni kwetu sinia likishuka tu. Watoto tulimwita mdoezi, na si kwa kunong'ona sana. Siku moja nilimwona akiikata kona, fimbo yake ikigonga. Mchana ule kulikuwa na wali, jambo ambalo halikutokea kila wiki. Nikaondoka mkekani, nikausukuma mlango, nikatia komeo, nikarudi kukaa. Niliona nimefanya jambo la maana. Nilikuwa nimeulinda wali wa nyumba nzima.

Bibi alilisikia komeo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye sinia. Akautoa, akaunawa upya, akanyanyuka kwa taabu kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua, akafungua mlango, akarudi, akalibeba sinia lenyewe na kulipeleka nje barazani. Akamwita mjomba aje na mkeka. Tukala wote nje, barabarani kabisa, kila apitaye akikaribishwa, na mzee magodoro akala nasi na kusifia nazi. Aliposhiba Bibi alimkabidhi jamvi lililofumuka pembeni, akalishona hapo hapo hadi alasiri.

Kwangu mimi alisema sentensi moja tu, jioni, akifunga kuku.

"Mlango ule babu yako aliutia kwa sababu ya mbuzi."

Sikumwelewa, na kwa kweli niliona ameniumbua bure. Hata leo nikisikia komeo likipita kwenye tundu lake, mahali popote, naiona ile fimbo ikigonga.

Haya nilimsimulia mpwa wangu tukiwa tumeketi ndani ya handaki, lile kati ya ua wa kwanza na wa pili, tumejikinga upepo. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, naomba niseme kitu, usinichukulie vibaya."

"Sema."

"Bibi alikuwa na kumi na mmoja. Huyu alikuwa na elfu mbili. Mchuzi huongezi maji kwa watu elfu mbili. Angewabakiza, wangekula ghala kwa wiki chache, ngome ingefunguliwa, na labda wote wangeuawa. Hesabu yake ilikuwa sawa."

Nilimwambia sibishani na hesabu. Mtu aliyepewa ngome na bwana wake, naye amekula kiapo, hana nafasi ya kuwa bibi yangu. Na kundi la kwanza lilipita salama. Huenda aliamini kwa dhati kwamba la tatu nalo litapita. Hayo yote nayakubali.

"Sasa?"

Sasa ni kwamba kimji kile cha chini Richard alikijenga pamoja na ngome, kwa ajili ya ngome. Seremala wa pale, mwashi wa pale, mwoka mikate wa pale, ndio waliotakiwa waje kukaa chini ya mlima huu ili mlima huu uwe na watu wa kuuhudumia. Walipohitajika walikuwa mikono. Walipobisha hodi wakawa vinywa. Mtu ni yule yule, amekuja na mikono yake yote miwili, ila jina limebadilishwa mlangoni, na jina hilo likishabadilishwa kufunga ni rahisi mno. Mimi nililiweza nikiwa na miaka kumi. Nilitumia neno mdoezi, nikamaliza.

Mpwa akacheka. "Lakini wahenga hao hao walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mpe jembe," nikamwambia. "Hawakusema mwoneshe lango."

Akanyamaza kidogo. Ni kijana mzuri kubishana naye kwa sababu hakimbii na wala hajifanyi ameshindwa. "Na ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone? Hapa mwenyeji angepona vipi?"

Hapo ndipo nilipompandisha mpaka ua wa kati nikamwonesha mahali palipokuwa na kanisa dogo. Hakuna la kuona, ila msingi na ukingo wa ukuta unaoishia kwenye mteremko. Mfalme John, baada ya kuirithi ngome, aliongeza jengo kwenye ukuta wa upande huu: chini choo na ghala, juu kanisa dogo. Na jengo likawa na dirisha linalotazama nje.

Februari 1204 Wafaransa walikuwa wameshauteka ua wa kwanza kwa kuuchimba mnara wake wa ncha kutoka chini hadi ukalala. Mbele yao sasa palikuwa na handaki hili tulilokuwa tumeketi ndani yake, na ukuta wa pili. Kikundi cha askari wachache, mmoja wao akiitwa Bogis, wakazunguka wakitafuta ufa. Wakaliona dirisha. Bogis akasimama mabegani mwa mwenzake, akaingia, akawavuta wengine kwa kamba. Watembeza wageni hupenda kusema walipita kwenye tundu la choo, na watoto wa shule hucheka sana. Wataalamu wengi wa sasa wanaona dirisha la kanisa ndilo la kuaminika. Vyovyote vile, walipofika ndani walipiga makelele kama jeshi zima. Walinzi wakatia moto jengo ili wawachome, moto ukawageukia wenyewe, wakakimbilia ua wa ndani. Waliodhaniwa wameungua wakatoka mvunguni na kuwashushia wenzao daraja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeambiwa tangu tunanyonya. Hapa ukuta ulikwishajengwa, mzuri kupita yote, na ufa ukaongezwa baadaye kwa gharama ya serikali.

Na hata ua wa ndani, wenye ule ukuta wa matumbo, ulianguka kwa jambo dogo. Mbele ya lango lake wajenzi waliacha kipande cha mwamba kama daraja la kudumu juu ya handaki, badala ya daraja la kunyanyuliwa. Wachimbaji wakajificha chini ya hilo daraja, wakachimba. Mashine kubwa ya kurusha mawe ikamalizia. Tarehe 6 Machi 1204 askari waliobaki walijaribu kutokea mlango wa nyuma, wakakamatwa. Mnara mkuu, ule wa jino, ambao Richard aliumwagia pesa zote zile, hawakuwahi hata kukimbilia ndani yake. Haukutumika siku yake. Rouen ikafungua milango Juni mwaka ule ule, na Normandia ikamtoka mfalme wa Uingereza.

Kwa simulizi la Guillaume, basi, ngome haikuangushwa na ghala tupu. Iliangushwa na dirisha na daraja. Watu wale walifukuzwa ili kununua miezi, na miezi ile ilinunuliwa kweli, lakini kilichokuwa kinaizunguka ngome usiku na mchana kikiitafuta si njaa. Laiti angalau mwoka mikate mmoja mzee angekuwa amelazwa kwenye lile kanisa, usiku ule, akikohoa. Najua, ni laiti ya mwandishi, na mpwa wangu alinitazama kwa jicho la mkaguzi wa hesabu. Nikaiacha.

De Lacy hakuishia vibaya. John alimchangia fidia, akarudi Uingereza, akapewa uliwali wa Yorkshire. Waliokufa hapa hakuna hata mmoja ambaye Guillaume alimtaja kwa jina. Yule mwenye paja la mbwa tunajua alichoshika na alichosema, na hatujui aliitwa nani.

Kuna methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Tunaitumia sana, kila vita, kila uchaguzi, na mimi nimewahi kuiandika bila kuifikiri. Nikiwa katika handaki lile niliona kasoro yake. Fahali hawaoni nyasi. Wanapigana, nazo ziko chini, basi. Hakuna fahali anayesimama katikati ya pambano akahesabu majani ya nyasi na kuamua yepi yasimwagiliwe. Methali ni ya huruma, lakini huruma yake inawaangukia fahali pia. Hapa palikuwa na watu wawili wazima, mmoja juu ya ukuta na mmoja ng'ambo ya handaki lake, wanajua, majira yote ya baridi, kila mmoja ameshika komeo na kumsubiri mwenzake afungue kwanza. Na waliokuwa katikati, Mungu awarehemu, hawakuwa nyasi. Nyasi walizila.

Ngome yenyewe iliendelea kuwa ya kufungia watu. Mwaka 1314 walimleta Marguerite wa Bourgogne, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, aliyetuhumiwa zinaa. Akafia humu mwaka uliofuata. Mfalme mtoto wa Scotland, David wa Pili, alilelewa hapa uhamishoni kwa miaka saba, na nadhani yeye ndiye pekee aliyeufurahia ule mwonekano wa mto. Kisha mwaka 1599 mfalme Henri wa Nne aliamuru ibomolewe, isije ikawa maficho ya maasi, na watawa wa jirani wakaruhusiwa kuchukua mawe ya kujengea. Ndiyo maana kuta zina mapengo yasiyofanana na mapengo ya vita. Jiwe linapong'olewa na mtu anayelihitaji huacha tundu la mraba, safi.

Mchana ukawa umetukuta. Tukarudi handakini, maana ndipo palipokuwa hakuna upepo, na mpwa akafungua mfuko. Majani ya pale ni mafupi, magumu, yana harufu ya dawa ukiyafikicha. Niling'oa jani moja nikalitia mdomoni, kwa upumbavu tu, nikalitema. Chungu.

Nilikuwa sijameza andazi la kwanza walipotokea watu wawili juu ya ukingo, mama mtu mzima na bwana wake, wamevaa viatu vya kupandia milima, na mbwa mzee mwenye mvi puani. Wakaitika kwa kichwa, kama wafanyavyo wao, na kutaka kupita. Mdomo wangu ukasema "Karibuni" kabla sijafikiri mahali nilipo. Mpwa akaona haya. Mama akasimama, akauliza kitu, mpwa akamfafanulia kwa Kifaransa, akionesha mfuko, mikono ikienda mbio. Mama akacheka, akashuka, akakaa juu ya jiwe. Bwana akashuka nyuma yake, polepole, akinikumbusha magoti ya mtu fulani. Akachukua andazi, akalinusa, akauliza ni kiungo gani. Iliki, mpwa akamwambia. Mbwa akapewa kipande na mama, akala, akajilaza miguuni pangu kama tunafahamiana.

Sauti za watoto zikasikika upande wa ua wa kwanza, basi zima la shule, zinashuka kuja tulipo. Nikamwona mpwa akichungulia mfukoni, midomo ikihesabu bila sauti. Yalikuwa yamebaki manne. Akanitazama, mkono umeshika mdomo wa mfuko, unataka kuukunja.

"Uache wazi," nikamwambia.